Kununua Michoro Halisi ya Vibonzo kwenye Minada ya Bei Kubwa

Tarehe 14 Januari 2021, jijini Paris, kampuni ya mnada ya Artcurial iliuza karatasi moja ya mraba, yenye sentimita 34 kila upande, kwa takriban yuro milioni 3.2. Karatasi hiyo ilikuwa mchoro wa rangi ambao mchoraji Mbelgiji Hergé aliuandaa mwaka 1936 ili uwe jalada la Le Lotus bleu, mojawapo ya hadithi za Tintin, lakini haukutumika kwa sababu kuuchapa kwa rangi zote zile kungegharimu kupita kiasi. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 13 Januari 2022, kampuni ya Heritage Auctions ya Dallas, Marekani, iliuza ukurasa wa 25 wa toleo la nane la gazeti la vibonzo la Secret Wars, uliochorwa na Mike Zeck mwaka 1984, kwa dola milioni 3.36. Ukurasa huo ni wa wino mweusi tu, hauna rangi, na thamani yake inatokana na kwamba ndani yake inasimuliwa jinsi Spider-Man alivyolipata lile vazi jeusi ambalo baadaye lilizaa adui yake Venom.

Bei za namna hii huwafanya wengi waamini kwamba mnada ni uwanja wa matajiri na kwamba mwenye fedha nyingi ndiye anayejua kununua. Sikubaliani na hilo. Nimeona watu wenye fedha wakinunua vibaya, na nimeona watu wa kipato cha kawaida wakikusanya kurasa nzuri kwa uvumilivu, kwa sababu kurasa za vibonzo vya kisasa visivyo na majina makubwa bado hupatikana kwa dola mia chache. Mwongozo huu unamhusu anayetafuta ukurasa wa dola mia tatu na pia anayetafuta wa dola elfu arobaini, na msingi wake ni mmoja: uamuzi wote hufanyika kabla ya siku ya mnada. Mtu anayeendelea kupima na kuwaza wakati dalali ameshaanza kuita bei huwa anaamuliwa na watu asiowajua.

Kijue kwanza kitu chenyewe

Mchoro halisi ni karatasi ile ile ambayo mkono wa mchoraji uliifanyia kazi kabla ya mtambo kuitolea maelfu ya nakala. Katika magazeti ya vibonzo ya Marekani karatasi hiyo kwa kawaida ni nzito na nyororo, ya aina iitwayo Bristol, na imepitia mikono zaidi ya mmoja. Mchoraji wa penseli hupanga ukurasa na kuchora watu na mahali, mwandika herufi hujaza maneno kwenye viputo, kisha mtia wino hupita juu ya penseli kwa brashi au kalamu. Kwa hiyo mnunuzi makini huuliza ni nani aliyeuchora ukurasa, na huuliza pia ni nani aliyeutia wino, kwa kuwa penseli za Jack Kirby zilizopitiwa na Joe Sinnott hazifanani na penseli zake zilizopitiwa na Vince Colletta, na bei nazo hazifanani. Ubelgiji na Ufaransa mchoraji mara nyingi hufanya kazi yote mwenyewe, ingawa si wakati wote: Hergé alianzisha karakana yake, Studios Hergé, mwaka 1950, na tangu hapo wasaidizi kama Bob de Moor walichora sehemu kubwa ya mandhari na mitambo. Kazi zake za miaka ya 1930 hupiganiwa kwa bei za juu kuliko zote kwa sababu kadhaa, na mojawapo ni kwamba mkono unaoonekana humo ni wake peke yake.

Ukurasa haukutengenezwa ili uwekwe ukutani. Ulikuwa kifaa cha kazi kilichopelekwa kupigwa picha kiwandani, na alama za kazi hiyo ndizo zitakazokusaidia kuutambua. Ukipata nafasi ya kuushika, uinamishe mbele ya dirisha mchana, mwanga uupitie kwa ubavu. Wino wa brashi utang'aa kidogo pale ulipolala mzito, na utafifia pale brashi ilipokaribia kukauka. Rangi nyeupe ya kusahihishia itakuwa imeinuka juu ya karatasi kama chokaa iliyodondoka. Penseli iliyofutwa itakuwa imeacha mifereji myembamba inayoonekana kwa pembe hiyo tu. Viputo na majina ya hadithi mara nyingi huwa vimebandikwa, na gundi ya zamani huwa imegeuka kahawia pembezoni mwake. Pengine utaona mistari ya penseli ya samawati nyepesi ambayo mchoraji hakuifuta. Hakuwa na haja, kwa sababu kamera ya uchapaji haikuiona. Chukua kisha kioo cha kukuzia. Nakala iliyochapwa itakuonyesha vitone vidogo vilivyojipanga, nao wino wa mkono utakuonyesha ukingo unaoyumba na kuzama ndani ya nyuzi za karatasi.

Kipimo cha karatasi nacho ni shahidi. Hadi karibu mwaka 1967 wachoraji wa magazeti ya vibonzo Marekani walichora kwa ukubwa wa takriban sentimita 32 kwa 47. Baada ya hapo kazi ikapunguzwa hadi takriban sentimita 25 kwa 38 kwenye karatasi ya sentimita 28 kwa 43. Mtu akikuletea ukurasa unaodaiwa kuwa wa mwaka 1964 ukiwa kwenye karatasi ndogo, hana budi kukueleza kwa nini, na maelezo mazuri ni machache. Huenda ni mchoro wa marudio, yaani mchoraji mwenyewe au mtu mwingine aliuchora upya jalada maarufu miaka mingi baadaye kwa ombi la mteja. Hakuna kosa katika jambo hilo iwapo limesemwa wazi, ila marudio huuzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei ya kilichotumika kuchapia.

Kazi za miaka ya karibuni zina utata wake. Siku hizi mchoraji wa penseli anaweza kukaa nchi moja na mtia wino nchi nyingine; penseli hutumwa kwa intaneti, zikachapwa kwa samawati nyepesi kwenye karatasi mpya, na wino ukatiwa juu ya chapa hiyo. Ukurasa mmoja hapo huwa na karatasi mbili, moja ya penseli bila wino na nyingine ya wino bila penseli ya kweli. Uliza unauziwa ipi. Wachoraji wengine huchora kwenye kompyuta tangu mwanzo hadi mwisho, na huko hakuna karatasi ya kununua. Chapa moja yenye sahihi inabaki kuwa chapa, hata ikiwa na cheti cha kupendeza.

Kinachopandisha bei na kisichopandisha

Jalada hushinda ukurasa wa ndani. Ukurasa wa picha moja kubwa hushinda ukurasa wa vijisanduku, na ukurasa ambao shujaa yumo ndani ya vazi lake akipigana hushinda ule ambao amevaa suti akizungumza na mwajiri wake. Juu ya hayo yote lipo tukio: mhusika anaingia kwa mara ya kwanza, mhusika anakufa, vazi linabadilika. Ukurasa wa mwisho wa toleo la 180 la The Incredible Hulk, wa mwaka 1974, si ukurasa mzuri kuliko zote alizochora Herb Trimpe, lakini ndimo Wolverine anapotokea kwa mara ya kwanza, nao uliuzwa mwaka 2014 kwa dola 657,250. Miaka miwili kabla yake, jalada la toleo la 328 la The Amazing Spider-Man, kazi ya Todd McFarlane, liliuzwa kwa kiasi hicho hicho hadi dola ya mwisho. Si muujiza: zote mbili zilipigiwa nyundo, yaani dalali alifunga bei, kwenye dola 550,000, na ada ya mnunuzi inayoongezwa juu yake wakati huo ilikuwa asilimia 19.5. Anayeweza kuifungua bei iliyotangazwa namna hiyo ameshaanza kusoma mnada.

Sababu ya mwisho ya bei haimo kwenye karatasi. Wanunuzi wa fedha nyingi hununua utoto wao, na aliyekuwa na miaka kumi na miwili mwaka 1984 au 1986 sasa ndiye mwenye mshahara mkubwa. Kazi za miaka hiyo zimepanda sana: jalada la toleo la kwanza la The Dark Knight Returns, hadithi ya Batman ya mwaka 1986, lilifika dola milioni 2.4 mwaka 2022, ilhali picha ya ukurasa mzima kutoka toleo la tatu la hadithi hiyo hiyo ilikuwa imeuzwa dola 448,125 mwaka 2011. Ninashauri anayeanza asinunue utoto wa watu wengine kwa matumaini ya faida. Kama wewe ulikua ukicheka na Juha Kalulu wa Edward Gitau kwenye Taifa Leo, au ukimsubiri Chakubanga kwenye Uhuru, Batman wa mwaka 1986 hakukulea, na itakuwa vigumu kwako kujua ni ukurasa gani mashabiki wake wataulilia. Huenda ukafanya vizuri zaidi kwa mchoraji unayemfahamu kwa kina. Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani ambaye alipitia Studio Hergé katika miaka ya 1980, huchora kwa namna ambayo msomaji wa Kongo ataona ndani yake mambo ambayo mnunuzi wa Brussels atayapita bila kuyaona.

Ili ujue bei, usitegemee makadirio yaliyoandikwa kwenye katalogi. Makadirio ni chambo. Na bei ya kufungulia ni chambo zaidi, kwani ukurasa ule wa Secret Wars ulifunguliwa kwa dola 330,000. Heritage huweka matokeo ya mauzo yake ya nyuma wazi kwa yeyote aliyejisajili bila malipo, pamoja na picha kubwa, na kwenye tovuti ya Comic Art Fans wakusanyaji huonyesha kurasa walizonazo. Tafuta mauzo matano au sita ya mchoraji yule yule, mfululizo ule ule na aina ile ile ya ukurasa, uyaandike kwa tarehe. Yakikosekana matano, tambua kwamba unaingia gizani na upunguze dau lako.

Ukurasa umetoka wapi

Hili ndilo eneo ambalo wanunuzi wengi hulipita haraka, na ndilo lenye hatari kubwa kuliko yote. Kwa miongo mingi kampuni za vibonzo za Marekani hazikuwarudishia wachoraji kazi zao. Kurasa zilibaki maghalani, nyingine zikapewa wageni kama zawadi, nyingine zikaharibiwa, nyingine zikaibwa. Marvel, kampuni ya Spider-Man na Hulk, ilianza kurudisha michoro katikati ya miaka ya 1970, lakini kwa kazi za nyuma mambo yalikuwa mazito. Jack Kirby, aliyeshiriki kuwaumba Fantastic Four na Hulk, alitakiwa mwaka 1984 asaini hati maalumu ya kurasa nne ambayo wachoraji wengine hawakupewa. Alikataa, wachoraji wenzake wakamtetea hadharani, na alipopata kurasa zake mwaka 1987 alipata takriban elfu mbili kati ya zaidi ya elfu kumi alizoichorea kampuni hiyo. Kwa maneno mengine, ukurasa wa Kirby wa miaka ya 1960 unaouzwa leo huenda ulitoka mikononi mwa familia yake kwa haki, na huenda ulitoka ghalani kupitia dirishani.

Kwa hiyo andika barua fupi kwa kampuni ya mnada, mapema, ukiuliza mambo ya wazi: nani alikuwa nao kabla ya muuzaji, kama ulishawahi kuuzwa hadharani na lini, kama umo kwenye orodha ya kurasa zilizorudishwa kwa mchoraji, na kama kampuni itarudisha fedha iwapo mwenye haki atajitokeza. Jibu la maandishi lina uzito. Maneno ya simu hayana. Sheria nazo hutofautiana: Marekani kwa kawaida mwizi hawezi kumpa mtu umiliki halali hata kama mnunuzi hakujua, wakati sheria ya Ufaransa humlinda zaidi aliyekipata kitu kinachohamishika kwa nia njema.

Hata kisa kizuri hakitoshi chenyewe. Mchoro wa Le Lotus bleu uliuzwa ukiwa na alama za mikunjo, na maelezo yaliyoandamana nao yalisema kwamba Hergé alimpa Jean-Paul Casterman, mtoto wa mchapishaji wake, aliyekuwa na miaka saba, naye akaukunja na kuuweka kwenye droo ulikokaa kwa miongo. Baadhi ya wajuzi wa Hergé walikitilia shaka kisa hicho kabla ya mnada. Wanunuzi waliendelea kupanda dau hata hivyo, lakini walijua wanachokitia kwenye mizani, na mikunjo yenyewe ilikuwa imeelezwa kwenye katalogi.

Kuhusu hali ya karatasi, omba taarifa ya maandishi pamoja na picha za mbele na za nyuma. Picha ya nyuma hukataliwa mara chache, na ina mengi: mihuri, namba za kazi, tarehe, jina la mhariri, madoa ya gundi yaliyopenya. Uliza kama kuna kipande kilichobandikwa upya baada ya cha asili kudondoka, na kama karatasi imewahi kusafishwa au kung'arishwa kwa kemikali.

Hesabu ifanywe kinyumenyume

Bei anayoitaja dalali nyundo inapogonga siyo bei utakayolipa. Juu yake huja ada ya mnunuzi, ambayo Heritage ilitoza asilimia 20 kwa michoro ya vibonzo katika mauzo niliyotaja ya mwaka 2022, na ambayo kwenye baadhi ya kampuni kubwa za London na New York huvuka asilimia 25. Dola milioni 3.36 za ukurasa wa Spider-Man zilikuwa dola milioni 2.8 za nyundo na dola 560,000 za ada. Jijini Paris huongezeka pia haki ya mchoraji kulipwa kila kazi yake inapouzwa tena, ambayo chini ya sheria ya Umoja wa Ulaya huanzia asilimia 4, hupungua kadiri bei inavyopanda na haizidi yuro 12,500. Hudumu miaka 70 baada ya mchoraji kufariki, na ingawa kisheria ni ya muuzaji kulipa, masharti ya mauzo yanaweza kuihamishia kwako.

Anza basi na fedha zote ulizo tayari kutoa, ushuke. Tuseme ni dola 50,000. Tenga kwanza dola 2,000 za bima, usafirishaji na makato ya benki, zinabaki 48,000. Kwa ada ya asilimia 20, gawanya kwa 1.2, unapata 40,000, na hiyo ndiyo nyundo yako ya mwisho. Mtu aliyeingia na dola 50,000 mfukoni akapanda dau la 50,000 amejipa deni la dola 12,000 kwa sekunde mbili. Ushuru wa forodha na kodi ya ongezeko la thamani nyumbani havimo kwenye hesabu hii. Muulize wakala wa forodha kabla ya mnada, ukimtajia fungu la 9701 la ushuru, ambalo ndilo la michoro iliyochorwa yote kwa mkono, kwa kuwa mzigo ukiingia umeandikwa kama machapisho au bidhaa za mapambo utabishana bandarini wakati hifadhi inahesabiwa kwa siku.

Angalia pia hatua za dau. Kila kampuni ina jedwali lake la kiasi ambacho dau hupanda kutoka ngazi moja hadi nyingine, na kikomo chako kinaweza kuangukia upande usiofaa wa ngazi. Kama hatua ni dola 2,500 na mpinzani ndiye aliyekalia 40,000, wewe mwenye kikomo cha 40,000 umeshatoka. Amua leo, ukiwa umetulia, kama utakubali hatua moja ya ziada au la, uandike kwenye karatasi.

Usajili, fedha na saa

Jisajili wiki mbili kabla. Kwa bei kubwa utaombwa kitambulisho, uthibitisho wa makazi, barua ya benki na pengine amana, na uchunguzi wa mteja mpya kutoka nje huchukua siku. Zungumza pia na benki yako kuhusu kutuma fedha za kigeni kiasi hicho, kwa maana watataka kujua zimetoka wapi na zinakwenda kulipia nini, na ankara ya "mchoro wa kibonzo" ya dola 48,000 itamshangaza mwenye dawati.

Soma masharti ya mauzo yote, hata yale ya maandishi madogo. Tafuta humo kama kuna bei ya chini ya siri ambayo muuzaji hakubali kushuka chini yake, kama kampuni ina maslahi yake kwenye kitu kinachouzwa au inaruhusiwa kupanda dau, muda wa kulipa, na muda wa kulalamika ikigundulika kwamba kitu si halisi. Kwa minada ya Ufaransa fahamu pia kwamba Serikali inaweza, mara nyundo inapogonga, kukichukua kitu kwa bei ile ile kwa ajili ya makumbusho ya umma.

Jambo la saa linaonekana dogo, lakini lilinigharimu. Dallas iko nyuma yetu sisi wa Afrika Mashariki kwa saa tisa wakati wa baridi na saa nane wakati wa kiangazi. Paris iko nyuma kwa saa mbili au moja. Miaka kadhaa iliyopita niliandika kwenye daftari kwamba kipande nilichokifuatilia kwa miezi kingefungwa "saa 10 ya Kizungu, Dallas, saa moja kwetu", na jioni hiyo, baada ya chakula, nikakaa mbele ya kompyuta saa moja barabara. Mnada ulikuwa umeisha tangu saa moja asubuhi. Wao walimaanisha saa nne ya usiku, mimi nilisoma saa nne ya asubuhi, na hesabu ya kuongeza saa tisa ikanipa "saa moja" ile ile kwa njia zote mbili. Tangu siku hiyo huandika tarehe, asubuhi au usiku, na saa ya ishirini na nne kando yake, kisha humwomba mtu mwingine asome.

Siku yenyewe

Minada mingi ya vibonzo huanza kwa madau ya mtandaoni yanayodumu wiki kadhaa, ikafuatiwa na kikao cha moja kwa moja chenye dalali. Unaweza kuweka dau la juu kabisa ambalo mfumo utalitumia kidogo kidogo kwa niaba yako, hatua moja juu ya mpinzani, bila kulifichua lote. Wanunuzi hubishana kuhusu wakati wa kuliweka. Ukiweka mapema, una faida kwamba madau mawili yakilingana la kwanza ndilo hushinda. Lakini pia unawapa wengine muda wa kukupima kwa madau madogo hadi wajue ulipo. Mimi hupendelea kukaa kimya hadi karibu na mwisho, nikaweka kikomo changu chote kwa mara moja. Kwa kitu adimu kweli, omba kupigiwa simu wakati wa kikao. Karani wa kampuni atakuitia bei, nawe utajibu ndiyo au hapana. Neno lako kwa karani ni mkataba. Hakuna kusema baadaye kwamba simu ilikatika.

Mwache mtu wa nyumbani akae karibu yako akiwa na ile karatasi ya kikomo. Sisemi hivi kwa mzaha. Dalali mzuri huita bei kwa mdundo wa ngoma, na kati ya hatua moja na nyingine hakuna nafasi ya kufikiri. Bei iliyokuwa kubwa dakika nne zilizopita huanza kuonekana ya kawaida kwa sababu tu imetajwa mara nyingi. Na kama umeshindwa, funga kompyuta. Hasara kubwa nilizoziona hazikutokea kwenye kipande kilichogombewa, bali kwenye kipande cha pili au cha tatu baada yake, pale mtu aliyeshindwa alipobaki na dola 40,000 zilizokosa kazi akazitupia kitu ambacho hakuwahi kukichunguza. Kipande ulichokikosa chenyewe huenda kikarudi: mshindi asipolipa, kampuni mara nyingine humtafuta aliyemfuata, na ukipigiwa simu ya namna hiyo bei ya kujadili ni dau lako la mwisho au chini yake.

Baada ya nyundo

Lipa ndani ya muda, uombe uthibitisho wa maandishi. Agiza ukurasa usafirishwe ukiwa bapa kati ya mbao mbili ngumu au makadibodi mazito yaliyovuka ukubwa wake kwa kila upande. Usikubali uviringishwe kama mkeka, kwa kuwa wino mzito na rangi nyeupe hupasuka. Bima iwe ya thamani kamili. Akitokea msafirishaji wa kukushauri uandike "zawadi" au dola mia moja ili kukwepa ushuru, jua kwamba unatenda kosa na pia unajivua bima kwa mkono wako.

Mzigo ukifika, ufungue mchana mbele ya kamera ya simu, linganisha kila doa na picha za katalogi, na ukikuta tofauti andika malalamiko siku hiyo hiyo. Kisha uuhifadhi kwenye mfuko wa Mylar, plastiki angavu ya kuhifadhia karatasi, pamoja na kadi isiyo na asidi, mbali na jua na mbali na ukuta wa nje. Wakazi wa pwani wana adui wa ziada, nayo ni unyevu: chumba cha Mombasa au Dar es Salaam bila kiyoyozi kitaleta ukungu kwenye karatasi ya miaka sitini ndani ya masika moja, hivyo nunua kipima unyevu cha bei nafuu na ujaribu kubaki karibu na asilimia 50. Ukitaka kuuning'iniza, tumia kioo kinachozuia miale ya urujuanimno, na uachane kabisa na wazo hilo kama ukurasa una weusi uliojazwa kwa kalamu za maka badala ya wino wa brashi, kwa sababu maka hufifia na kuwa rangi ya chai. Na tabia yetu ya kulamineti kila hati muhimu, kuanzia cheti cha kuzaliwa hadi hati ya shamba, iishie hapo hapo. Ukurasa uliopitishwa kwenye plastiki ya moto hautoki tena.

Weka bahasha moja kwa kila kipande: ankara, barua ulizoandikiana na kampuni ya mnada, taarifa ya hali ya karatasi, nakala ya ukurasa wa katalogi, risiti ya forodha na picha za siku uliyoufungua mzigo. Bahasha ikae mahali tofauti na mchoro, na familia ijue iko wapi.